Mi nasoma kwa picha nzima, mwenzangu hatua kwa hatua, na hivi ndo tulivyosaidiana

Mi ni mtu wa kutaka kuona kitu kizima kwanza. Ukinianzishia mada na hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akili inagoma, nabaki najiuliza hivi tunaelekea wapi. Niliyekuwa nasoma naye yeye kinyume kabisa, hasogei mpaka ya kwanza imeshika, na nikirukaruka anakereka kweli.

Tulipofika mzunguko wa damu ndo tofauti ikaonekana. Yeye njia yote anaitiririsha, atiria ya kulia (chumba cha juu cha moyo), ventrikali ya kulia (chumba cha chini), mapafu, inarudi atiria ya kushoto mpaka mwisho, ila muulize kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia, kimya. Mi hilo najibu fasta, si ya kulia inasukuma damu hapo jirani tu kwenye mapafu na ya kushoto inasukumia mwili mzima, lakini niambie nitaje vali, yaani vile vilango vya moyo vinavyozuia damu isirudi nyuma, kwa mpangilio, aisee, ile ya vipande vitatu naipeleka kushoto wakati iko kulia.

Baadaye nikakuta kuna mtafiti Mwingereza, Gordon Pask, alishayaandika haya miaka ya 1970, kwamba wapo wanaojifunza kwa mfululizo na wapo wa kuangalia ujumla, na kila kundi lina ugonjwa wake, wa mfululizo hawaunganishi mambo, wa ujumla wanarukia hitimisho mapema. Huo wa pili wangu kabisa.

Basi tukabadilishana. Mi nachora moyo mzima, mishale tu bila majina, namweleza kwa nini kila kitu kiko pale kilipo. Halafu yeye ananiuliza hatua moja moja madaftari yamefungwa, nikiruka hata kidogo ananirudisha mwanzo. Inaudhi! Ila vali zikakaa.

Zile habari za "huyu wa kuona, yule wa kusikia, kila mtu afundishwe kivyake" mi siziamini sana. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo wakaona ushahidi wa hilo hautoshi, na kwangu naona ni kweli maana kilichonisaidia ni njia nisiyoipenda.

Siku hizi mada mpya napitia michoro na vichwa vyote kwanza, kisha nafunga kitabu naandika hatua bila kuchungulia. Mwenzangu naye anaanza na mchoro, analalamika lakini anaanza.