Kamba Ndiyo ya Mwisho

Saa 1 asubuhi. Mashine ya boti iliyolala miaka mitatu, ile ya kuchanganya oili na petroli. Mwenyewe kanitangulia na mkono tayari uko kwenye kamba ya kuwashia. "Niivute kidogo tu, fundi." Iache, kaka. Silinda zimekauka; ukivuta sasa, ringi zitakwaruza. Natoa plagi zote mbili, natia oili kidogo kila tundu, ipate kupenya.

Saa 2. Petroli ya tanki inanuka vanishi. Naimwaga yote. Mpira wa mafuta umepasuka, na kile kipampu cha kuminya kimekuwa jiwe. Vyote vipya.

Saa 3 hadi saa 5, kabureta. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huharibu. Petroli iliyokauka imeacha utando wa kahawia kama gundi, boya limenata, na jeti, kile kitundu chembamba cha kupitisha petroli, ukiielekeza juani huoni mwanga upande wa pili. Usichokonoe kwa waya wa chuma, utaitanua na mashine itakunywa mafuta maisha yake yote. Mimi nailoweka kwenye dawa ya kabureta, kisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba, kisha upepo. Mara nne, mpaka nikaona kinukta cha mwanga.

Saa 6. Nashusha mguu wa mashine, ile sehemu ya chini yenye gia. Boliti moja imekula kutu, imeninyima robo saa. Impela ya pampu ya maji mabawa yamelala upande mmoja, naweka mpya. Nikafungua skrubu ya oili ya gia: ikatoka nyeupe kama maziwa. Maji yameingia, sili ya kuyazuia imekufa. Nikamwonyesha mwenyewe. Akatikisa kichwa, akaangalia kamba. Natia oili mpya kutokea tundu la chini mpaka ichungulie la juu, ya majaribio tu.

Saa 8. Nazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la mashine, kwa mkono: inapita bila kukwama. Plagi moja haitoi cheche. Kutu kwenye kiunganishi cha waya, msasa, basi.

Saa 9. Lita 10 za petroli, mililita 200 za oili. Mguu ndani ya pipa la maji. Haya, kaka, vuta sasa.

Alivuta mpaka shati likalowa. Nadhani mara ya kumi na mbili ikakohoa, moshi wa buluu, ikashika! Lakini kile kijimshipa cha maji cha ubavuni, kinachoonyesha mashine inapozwa, hakitoki. Zima, zima! Nachungulia tunduni: nyigu kajenga nyumba ya udongo. Nikaitoboa, tukawasha tena, maji yakaruka hadi kifuani kwangu.

Saa 11. Anataka kuingia nayo baharini alfajiri. Sili je? Nimemwambia mashine inalala hapa, kesho nafungua mguu tena. Kakubali kwa shingo upande, kisha kaniuliza kama anaweza kuivuta mara moja tu kabla hajaondoka.