Jeneza la Langoni

Mpwa wangu alikuta kwenye simu kipande cha ule mchezo wetu wa runinga, akaniuliza kama machozi yale yalikuwa ya kweli. Nilimjibu kwa mkato kwamba mwigizaji hulipwa ili alie, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha.

Jukwaani nilikuwa nimezoea kulia kwa mabega na kwa sauti inayofika safu ya mwisho. Kamera haitaki hivyo. Husogea karibu mno, na kilio cha jukwaani mbele yake hugeuka kichekesho. Isitoshe, matukio hurekodiwa bila kufuata mfuatano wa hadithi, kwa hiyo nilitakiwa kumzika baba wa mchezoni kabla sijaonana na mwigizaji wake, ambaye alikuwa bado yuko Mombasa, ilhali baba yangu mzazi alikuwa mzima wa afya, ameketi barazani papo hapo Lamu akicheza bao.

Watu wa mtaa wa Langoni walikuwa wamearifiwa, na kamera ilikuwa imefichwa juu ya dari. Jeneza tulilijaza magunia ya mchanga, tukalifunika shuka, tukaingia nalo uchochoroni huku tukileta tahalili. Ghafla akatokea mzee mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ateremke mashuani kutoka Matondoni. Alitua kikapu chake ukutani, akampokea mwenzangu jeneza begani, kama afanyavyo Mwislamu yeyote akutanaye na maziko njiani.

"Nani aliyetutoka, mwanangu?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Msaidizi wa mwongozaji, aliyejibanza mlangoni, alinipungia mkono niendelee.

"Ni baba, mzee."

"Mungu amrehemu, nawe akupe subira."

Hapo koo likanikaba, nikalia bila mabega wala sauti, sawasawa na nilivyofundishwa tangu asubuhi nikashindwa. Tulipopinda kona, magunia yaliteleza upande mmoja kwa kishindo ambacho maiti hawezi kukitoa. Mzee alinitupia jicho, kisha akatazama mbele na kuzidisha tahalili.

Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga, yaani marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Wakenya wengi walimdhania Mjaluo kwa lafudhi yake tu. Mimi niliyemtazama utotoni nikitamani kuaminiwa hivyo, siku hiyo niliaminiwa na mtu mmoja mpaka kwenye kona, na hadi leo sijui kama nilistahili kufurahi.

Kazi ilipokwisha, mwongozaji alimwomba radhi mzee yule na kumpa ujira sawa na wengine. Alizihesabu zile noti taratibu, akarudisha nusu.

"Mpaka kwenye kona nilikuwa nazika," alisema, huku akimtuma kijana akamletee kikapu chake. "Hizi ni za kutoka kona kuja huku."