Bafu la juu lilivyovuja, na tulivyolimaliza bila kugombana

Kwenye fleti maji yakivuja, anayelowa ni wa chini, lakini ufunguo wa bafu anao wa juu. Hilo nililishika tangu mwanzo, na nadhani ndilo lililonifikisha mwisho wa jambo hili nikiwa bado nasalimiana na majirani.

Nimepanga Upanga, Dar es Salaam, kwenye jengo la zamani lenye matangi juu ya paa. Juu yangu anakaa mama mmoja mtu mzima, mpangaji kama mimi, pamoja na binti yake na wajukuu. Mwenye fleti yake anaishi Maskati. Mwenye fleti yangu anaishi Tabata, ila kumpata kwenye simu ni kazi kuliko yule wa Maskati.

Kwa muda mrefu lilikuwa doa tu, la rangi ya chai, kwenye dari ya korido. Likikauka linabaki na pete, likilowa tena pete inaongezeka. Mwenye nyumba nikamtumia picha, akajibu "poa, nitamtuma mtu". Mtu hakuja. Halafu jioni moja maji yakaanza kutoka kwenye taa.

Kabla ya ndoo, kabla ya kupanda ngazi kugonga mlango wa mtu, nilikwenda kwenye boksi la umeme nikashusha breka ya taa. Wengi hukimbilia fagio na tambara. Maji yakishaingia kwenye zege hufuata njia rahisi, na mara nyingi njia hiyo ni bomba la waya, kwa hiyo yanatokea pale penye tundu la taa hata kama chanzo chake kiko mbali na hapo. Usiguse ile swichi ya ukutani na mikono yako imelowa. Zimia kwenye breka. Dari ya korido ni ya jipsam, nayo ilikuwa imeshaanza kutoa tumbo. Nikaweka ndoo chini yake, nikachukua bisibisi, nikatoboa tundu dogo katikati ya lile tumbo. Maji ya kahawia yalitiririka mpaka ndoo ikafika karibu nusu. Afadhali tundu la bisibisi kuliko bodi nzima kushuka usiku watoto wakipita kwenda chooni.

Ndipo nikapanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani."

Sikumwambia "mnatumwagia maji". Nilimwomba ashuke aone. Akashuka taratibu, ameshika mkono wa ngazi, akatazama juu, akashika mdomo. "Mbona kwetu pakavu kabisa?" Na ilikuwa kweli. Nilipoingia bafuni kwake sakafu ilikuwa kavu, vigae vinang'aa. Wa juu akikwambia hakuna maji kwake, usidhani anakudanganya. Maji yanayopita chini ya kigae yeye hayaoni.

Fundi wa kwanza alikuja na nyundo na tindo, akasema tuvunje choo. Nikamuuliza umejuaje ni choo? "Uzoefu, bosi." Nikampa nauli yake. Mtu anayetaka kuvunja kabla ya kupima anakula hela yako mara mbili: ya kuvunja, na ya kurudisha alichovunja bure.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mtaalamu. Kwenye nyumba yenye mita yake unafunga koki zote, unatazama kama mita bado inazunguka. Kwetu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ni moja ya jengo zima: maji yanaingia tangi la chini, pampu inayapandisha paani, na kutoka paani kila fleti ina bomba lake lenye geti valvu, yaani koki kubwa ya kufungia maji. Kwa hiyo tulikwenda na mlinzi juu ya paa. Mama na binti yake walijaza ndoo zao kwanza, tukafunga valvu yao, na bafu halikutumika tena mpaka kwangu dari ikaacha kudondosha. Kisha tukafungua valvu, maji yakarudi kwenye mabomba, lakini bafu tukaliacha hivyohivyo bila mtu kuoga. Hakikudondoka kitu. Hapo bomba la maji safi likawa limetoka kwenye orodha, maana lile lina presha saa zote, likitoboka linavuja mchana na usiku, mtu aoge asioge. Linalovuja pale tu mtu anapotumia ni la maji machafu, au sakafu yenyewe.

Tukavuta choo mara kadhaa, tukangoja. Kimya. Ikabaki trapu, lile tundu la sakafuni maji ya kuoga yanapotokea. Mama mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la bluu ya kufulia. Akakoroga kwenye jagi mpaka maji yakawa kama wino, akamimina kwenye trapu, akafuatisha ndoo nzima ya maji. Mimi niko chini nimeegesha simu kwenye ngazi ya kukunja, inarekodi. Matone ya kwanza yalikuja ya kahawia kama siku zote. Baadaye likaja moja lenye weusiweusi, likaning'inia kwenye ukingo wa tundu la bisibisi, na lililofuata lilikuwa bluu kabisa. Mjukuu wake alipiga kelele kama timu yake imefunga bao.

Ile video ndiyo iliyofanya kazi. Nilimtumia mwenye fleti wa Maskati vipande vitatu kwa mpangilio: dari yangu, mama akimimina, tone la bluu. Na maneno machache ya heshima, bila lawama kwa mpangaji wake. Mpangaji akishaona unamchongea kwa mwenye nyumba, siku fundi akija mlango utakuwa umefungwa. Wakati huohuo mwenye fleti yangu akazinduka, naye akawa na lake: huenda ni bomba kubwa la maji taka linaloshuka jengo zima, basi wachange wote. Si hoja ya kipuuzi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, nayo inatenganisha kilicho cha mtu na kilicho cha wote. Ila bluu ilimwagwa kwenye trapu ya fleti moja, na maji ya fleti nyingine zinazotumia bomba lile hayakuwahi kutudondoshea kitu. Wakaelewana.

Wa Maskati alitaka kwanza tupake silikoni kuzunguka trapu. Nilimwambia silikoni ya juu inaziba macho yetu tu, maji yataendelea na safari yake chini kwa chini. Fundi wa pili, aliyeletwa na mlinzi, alimpigia simu ya video akanyanyua kigae kimoja mbele yake. Kiungio cha trapu na bomba kilikuwa kimeachana, na pembeni aliyejenga alijaza vipande vya tofali na mchanga, bila wotaprufu, ile dawa ya kupaka kuzuia maji yasipenye, hata kidogo. Hela ya vifaa ikatumwa jioni hiyohiyo.

Wakati bafu limevunjwa, familia ya juu ilikuwa inaoga kwangu. Asubuhi foleni, taulo mabegani, mama wa kwanza, watoto wa shule, halafu sisi. Nadhani hilo lilipunguza zaidi ugumu wa jambo kuliko video zangu zote. Mpaka leo kuna mswaki mdogo wa kijani kwenye kikombe chetu.

Nilipokomaa na fundi ni sehemu moja tu. Alishaweka trapu mpya, kapaka wotaprufu mikono miwili na kuipandisha ukutani kidogo, akataka kubandika vigae palepale. Nikakataa. Tukaiacha ikauke vizuri, tukaziba trapu kwa tambara lililofungwa na nailoni, tukajaza maji sakafuni, tukayalaza mpaka kesho yake. Alinung'unika kuwa namchelewesha kazi nyingine. Kesho yake dari yangu ilikuwa kavu, akabandika.

Kwangu nilisubiri jipsam na plasta zikauke kabisa, kwa wiki kadhaa, madirisha wazi. Kipande kilichotoa tumbo kikakatwa na kubadilishwa. Doa la pete ukilipaka rangi ya maji moja kwa moja linapenya tena, kwa hiyo nilipaka kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta, halafu ndiyo rangi ya kawaida. Gharama niliandikiana na mwenye nyumba kwa ujumbe kabla ya kununua hata brashi, kiasi na kwamba kitakatwa kwenye kodi ya miezi inayofuata, maana ya mdomo husahaulika ikifika tarehe ya kulipa. Rangi mpya haijafanana na ya zamani. Amesema atapaka korido nzima siku nikihama.