Ngozi hii imetoka upande gani?

Lubumbashi, Jumapili jioni, katikati ya mwezi wa nane

Tangu saa nne asubuhi umevuma ule upepo mkavu unaookota vumbi jekundu katika barabara za Katuba na kulilaza juu ya kila kitu: juu ya sufuria, juu ya nguo zilizoanikwa, na juu ya ngozi ya binti yangu. Neema ana miaka sita. Alipoamka, shuka yake ilikuwa na vidoa vya damu, kwa sababu usiku kucha alikuwa akijikuna nyuma ya magoti na katika mikunjo ya viwiko, usingizini, bila mwenyewe kujua.

Mama mkwe alipitia kwetu baada ya ibada. Alimwita mtoto, akamkunjua mkono polepole, akautazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo ameliuliza kwa mara ya tatu mwaka huu: “Mama Neema, ngozi hii imetoka upande gani? Kwetu haijawahi kuonekana.” Nilimkaribisha chai. Mkwe hajibiwi papo kwa papo, na zaidi ya hapo sikuwa na jibu fupi. Sasa watoto wamelala, na nimeamua kuliandika lile refu.

Wengi huuita ugonjwa huu ukurutu, wengine pumu ya ngozi, nami nalipenda zaidi jina hili la pili kwa sababu aliyelibuni aliona jambo la kweli. Ukurutu wa utotoni, pumu ya kifua na mafua ya mzio hukaa katika familia zilezile. Kinachorithiwa mara nyingi si ugonjwa wenyewe bali wepesi wa mwili kushtuka, ambao kwa mmoja hutokea kifuani, kwa mwingine puani, na kwa wa tatu katika ngozi. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alilazwa mara mbili kwa pumu alipokuwa msichana. Hilo ni la upande wetu, silifichi. Lakini shemeji yangu, mtoto wa mwisho wa mama mkwe huyuhuyu, hatoki nyumbani bila pampu yake ya pumu mfukoni. Sentensi hiyo ilinifika kwenye ncha ya ulimi leo mchana, nikaimeza pamoja na chai.

Baba yangu alikuwa mwashi kwa zaidi ya miaka thelathini, na labda ndiyo maana maelezo ya daktari wa ngozi yaliniingia upesi. Alisema tabaka la juu kabisa la ngozi ni ukuta: seli zilizokauka ni matofali, na mafuta yaliyo kati yake ni udongo wa kuungia. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hubaki ndani, na vumbi, sabuni na vijidudu hubaki nje. Kwa mwenye ukurutu ukuta una nyufa. Maji hutoka, vitu vya nje huingia, na kinga ya mwili, ikiviona vimeingia, huanza vita vinavyoleta uvimbe na mwasho. Mtu hujikuna, kucha zinapanua nyufa, na mambo yanaanza upya. Nilifikiria vile vichuguu vikubwa vya mchwa vilivyozunguka mji wetu, ambavyo udongo wake huchomwa matofali. Baba alikuwa akilivunja tofali moja mkononi kabla ya kununua tanuri zima, kwa kuwa kuna udongo unaotoa tofali linalomeng’enyuka hata mwashi awe hodari namna gani.

Udongo huo ndio urithi. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba makosa katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 1, jeni inayotengeneza protini iitwayo filagrini, yanamwongezea mtu hatari kubwa ya kupata ukurutu. Filagrini husaidia kuzibana seli za juu, na inapovunjika hutoa vitu vinavyoshika unyevu wa ngozi. Karibu mtu mmoja kati ya kumi barani Ulaya amebeba kosa mojawapo la jeni hiyo. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama aliyeshika mwizi, lakini furaha haikudumu: watafiti waliowapima wagonjwa wa ukurutu nchini Ethiopia waliyakuta makosa hayo kwa nadra sana, ingawa ugonjwa upo tele. Kwa watu weusi, basi, ukuta mara nyingi unaharibika kwa njia nyingine, na leo zinajulikana sehemu nyingi za urithi wetu zinazochangia, nyingine zikihusu ngozi na nyingine zikihusu kinga, kila moja ikiongeza kidogo tu. Hakuna bibi mmoja wa kunyooshewa kidole.

Tena kuna habari ya mapasa, yaani mapacha. Huko Denmark walifuatwa mapasa wengi, na ikaonekana kwamba kwa wale wanaofanana kabisa, wenye urithi uleule, mmoja akiwa na ukurutu mwenzake alikuwa nao katika jozi kama 7 kati ya 10. Kwa mapasa wasiofanana, jozi zilikuwa kama 2 tu kati ya 10. Pengo hilo linaonyesha nguvu ya damu. Lakini mimi macho yangu yalibaki kwenye zile jozi 3 za kundi la kwanza. Watu wawili walioumbwa kwa damu ileile, mmoja anajikuna na mwingine analala. Kama damu ingekuwa ndiyo yote, jozi hizo zisingekuwapo.

Kwa hiyo naurudia mji wangu. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa hapa hainyeshi, usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi ya kuvaa sweta mbili, na kadiri kiangazi kinavyoendelea hewa inakauka hadi midomo inapasuka. Hewa kavu huvuta maji kutoka katika ngozi, na ngozi yenye nyufa huyatoa kwa wingi zaidi. Ongeza moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi, moshi wa mapori yanayochomwa nje ya mji, na sweta ya sufu inayokwaruza shingo. Nimeandika katika daftari langu siku mbaya za Neema kwa miaka miwili, na nyingi zimo kati ya mwezi wa saba na mvua za kwanza. Mvua zikishika, viwiko vyake hulainika kabla sijabadilisha chochote.

Jambo moja nilikuwa nikilifanya mimi mwenyewe, tena kwa nia njema. Nilikuwa nikimwogesha kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, nikimsugua kwa nguvu kwa sababu niliamini ni uchafu. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kama 5 katika kipimo kiitwacho pH, ambacho namba ikipanda uchachu hupungua. Sabuni za namna hiyo zina 9 au 10. Nilikuwa nikiyeyusha udongo wa kuungia matofali kila jioni, halafu nikishangaa ukuta kuanguka asubuhi. (Kuna wanaosema aleji zimeongezeka kwa sababu watoto wa siku hizi wanaishi katika usafi uliozidi, dhana hiyo ilipendekezwa na Mwingereza David Strachan mwaka 1989 baada ya kuona kwamba watoto wenye ndugu wengi wakubwa walipata mafua ya mzio kwa uchache. Huenda ina ukweli wake, ila yeyote anayedhani nyumba yangu imezidi usafi aje aione mwezi huu wa nane.)

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Muuza vipodozi mmoja sokoni aliniuzia tyubu ya krimu akisema inaponya yote. Siku ya tatu ngozi ilikuwa laini, na nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wiki chache baadaye, nilipoacha, ugonjwa ulirudi kwa hasira, na ngozi ya shavu la mtoto ilikuwa imepauka na kuwa nyembamba. Ndani ya tyubu ile kulikuwa na klobetasoli, dawa ya jamii ya steroidi, zile za kutuliza uvimbe, iliyo miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote za kupaka, ambayo watu wetu huinunua ili kujichubua. Steroidi za kupaka zinasaidia kweli zikichaguliwa na mganga wa hospitali kwa kadiri ya umri na sehemu ya mwili. Lakini hiyo haikuwa ya kupakwa uso wa mtoto wa miaka minne. Hilo halikutoka upande wa mtu yeyote. Lilitoka mkobani mwangu.

Nilichelewa kupata msaada pia kwa sababu ya rangi yetu. Mhudumu wa kwanza niliyemwendea alitafuta wekundu, hakuuona, akasema mtoto hana kitu. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe mara nyingi hauwi mwekundu. Huonekana wa zambarau, au wa kijivu kama majivu, au weusi uliozidi, na wakati mwingine ni vipele vidogo vidogo tu kuzunguka vinyweleo. Baadaye ngozi inakuwa nene kama ngozi ya ngoma, na doa jeusi hubaki miezi mingi baada ya mwasho kwisha, likimfanya mwalimu amweke mtoto benchi la peke yake ingawa ugonjwa huu hauambukizi.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni baba. Mikono yake imepasuka tangu nilipokuwa mtoto: vidole vigumu, mistari ya kiganja iliyofunguka, magamba kati ya vidole. Daima amesema jambo moja tu, “Ni simenti, mama,” na kwa sehemu ana haki. Simenti mbichi ina ukali wa magadi makali, inaunguza. Zaidi ya hapo ina metali iitwayo kromi kidogo, ambayo mwili ukishajifunza kuichukia huichukia karibu maisha yote. Wadenmark waliliona hilo mapema. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliongeza salfeti ya chuma katika simenti ili kuipunguza nguvu kromi hiyo, na mzio wa waashi ukapungua. Umoja wa Ulaya nao uliweka kikomo kuanzia mwaka 2005: si zaidi ya miligramu 2 za kromi hiyo kali katika kilo moja ya simenti. Kobalti na nikeli nazo zinaweza kuleta mzio wa namna hiyo, na sisi wa Katanga, eneo hili la migodi, tunaijua kobalti tangu utotoni. Baba aliacha kazi miaka minane iliyopita, na mikono haijapona.

Hata hivyo, rafiki yake waliyejenga naye tangu ujana, aliyechanganya simenti ileile kwa sepetu ileile, ana viganja laini kama vya karani. Nilimuuliza shangazi, dada mkubwa wa baba, kama baba aliwahi kuumwa ngozi kabla ya uashi. Akacheka. Alisema kijijini walikuwa wakimfunga vitambaa mikononi usiku ili asijikune nyuma ya magoti, na kwamba ilimwisha alipoanza kubalehe, naye akasahau. Yaani mtoto mwenye ukuta dhaifu alikua, ukuta ukatulia, kisha akaenda kuchagua kazi ya kutumbukiza mikono katika maji na simenti kila siku ya Mungu. Waganga wa hospitali wanajua kwamba aliyekuwa na ukurutu utotoni yuko hatarini zaidi kupata ukurutu wa mikono akifanya kazi kama hizo. Angekuwa mshonaji, pengine angekufa bila kujua alichozaliwa nacho. Na rafiki yake, kwa simenti ileile, hakupata kitu.

Jioni hii nilimweleza baba hayo yote. Alinyamaza, akageuza viganja vyake mbele ya taa kana kwamba ni vya mtu mwingine. “Vitambaa,” akasema. “Navikumbuka. Nilidhani ni adhabu.” Neema alikuwa amekaa pembeni yake, ametoka kuoga kwa maji ya vuguvugu, nami nilikuwa nikimpaka vaselini kabla ngozi haijakauka, kama tulivyoelekezwa. Mtoto akachovya kidole ndani ya kopo, akaushika mkono wa babu yake, akaanza kumpaka kati ya vidole, akimwambia asijikune.

Mama mkwe nitamjibu Jumapili ijayo, na nitaanza na pampu ya mwanawe kabla sijafika kwa mikono ya baba. Kesho saa moja asubuhi tuna miadi ya Neema na daktari. Nilipokuwa nikifunga mlango, baba aliniuliza kama siku hiyohiyo anapokea na wazee.