Maharagwe ya damu, njahi za limfu

Mtu akikuambia kuhesabu mishipa kwenye uvimbe wa taya ni kazi rahisi, muulize aliwahi kukalia hadubini lini. Mimi niliambiwa na mwenzangu aliyenitangulia masomoni, tena kwa kujiamini: "Chochote cha kahawia ni mshipa. Hesabu, uende nyumbani." Nikamwamini, na wiki tatu zikaenda na maji.

Nilikuwa na bloku za nta zenye vipande vya ameloblastoma, uvimbe ambao kwa kawaida si saratani lakini hutafuna mfupa wa taya, na usipoondolewa wote hurudi. Nilitaka kujua unajilisha kwa mishipa mingapi ya damu, na ile ya limfu, yale majimaji ya mwili yasiyo na chembe nyekundu, je. Ya damu haikunisumbua. Kingamwili ya CD34 hunata kwenye ukuta wa mshipa na kuupaka kahawia. Unatafuta kwa lenzi ndogo mahali palipojaa zaidi, unapanda hadi mara 200, unahesabu. Ni njia ya mtafiti Weidner ya 1991, na kanuni yake ni kwamba hata seli moja ya ukuta wa mshipa iliyojitenga huhesabiwa, tundu lionekane lisionekane. Mimi kanuni hiyo niliisoma nusu: nikashika "huhesabiwa", nikaacha "ya ukuta wa mshipa".

Tatizo lilikuwa kupoteza hesabu. Nikifika thelathini na kitu, matatu inapiga honi huko nje, naanza upya. Nikapita Marikiti nikanunua maharagwe mekundu na njahi, yale meusi, za pesa kidogo tu. Mshipa wa damu, haragwe kikombeni. Wa limfu, njahi. Jicho halitoki kwenye lenzi. Wenzangu walicheka, kisha wawili wakaja kuniomba njahi.

Ikafika zamu ya D2-40, kingamwili ya mishipa ya limfu, iliyoagizwa ng'ambo kwa hela ambazo zingenilipia kodi ya chumba changu cha Kahawa West miezi kadhaa. Wiki tatu nikamimina njahi. Slaidi moja: njahi 58, maharagwe 31! Nilishajiona nimesimama mbele ya watu kwenye kongamano, nimevaa tai. Nikampelekea msimamizi wangu. Akaangalia, akanyamaza, halafu kwa ile sauti yake: "Daktari, hii ni mishipa, ama ni uvimbe wenyewe?"

Kumbe D2-40 inashika protini iitwayo podoplanini, na seli za safu ya nje ya ameloblastoma nazo zinayo. Zile nyuzi nyembamba za kahawia zilizonifurahisha zilikuwa uvimbe mtupu.

Aliyeniokoa ni mama wa maabara, ambaye anakata nta tangu sijazaliwa. "Mwanangu, kipande cha jirani kiko wapi?" Akanikatia kinachofuata kutoka bloku ileile, mikroni 4, tukakipaka kingamwili ya keratini, protini ambayo seli za uvimbe huu zinayo na ukuta wa mshipa hauna. Nikapiga picha zote mbili kwa simu kupitia lenzi, nikaziweka sambamba. Kilicho kahawia kote kuwili ni uvimbe, njahi inarudi mfukoni. Kilicho kahawia kwenye D2-40 pekee, tazama umbo: ukuta mwembamba, tundu limekunjamana kama pakiti ya unga iliyokwisha, ndani hamna chembe nyekundu. Huo sasa ndio mshipa. Na usisahau slaidi ya tonsili, yenye mishipa ya limfu ya kweli, ya kulinganishia.

Njahi 58 zikabaki 6, nne zikiwa pembeni palipojaa chembe nyeupe.

Mama wa maabara akauliza kama nitazichemsha zilizobaki. Nikamwambia zimeshikwa na glavu za maabara.

"Basi mpelekee yule aliyekushauri."