Kumbukumbu ya mradi wangu: riwaya imechapwa, sasa nani ataijua?

Mwezi wa tano

Nakala 300 zimetoka kwa mchapaji. Kurasa 176, yaani mafungu 11 ya kurasa 16, na ndiyo maana nilikata aya mbili za mwisho: mchapaji wangu hataki kusikia habari ya ukurasa wa 177. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, nilishaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Ni riwaya ya upelelezi, na mambo yake yote yanazunguka stesheni ya reli ya Korogwe. Maboksi yamejaa chini ya meza ya televisheni, na mama watoto ameanza kuuliza yataondoka lini.

Duka la vitabu limepokea nakala chache kwa mali kauli. Wao asilimia 35 ya bei, mimi nalipwa kitabu kikishauzwa. Kwa kitabu cha shilingi 12,000 nabaki na 7,800, na hapo gharama ya uchapaji bado haijatoka. Kimewekwa rafu ya nyuma kabisa, kimefunikwa na mazoezi ya hisabati ya darasa la saba. Siwalaumu. Hisabati ndiyo inayowalipia pango.

Nikakitangaza kwenye status. Mjomba akajibu kabla hata ya saa kuisha: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii kila mwandishi anayejinadi atapigwa nayo, ajiandae tu. Nikamjibu kwa adabu kwamba hicho kizuri, kikiwa chini ya meza ya televisheni, hakimfikii mtu. Soko letu la vitabu linaendeshwa na shule. Riwaya isiyo kwenye orodha ya shule haina wa kuisemea zaidi ya aliyeiandika, na hili wakubwa wetu walilijua zamani. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi, hakukaa kusubiri kubembelezwa na wachapishaji, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko.

Mwezi wa sita

Nimekuwa nikiwaza sana juu ya Eric Shigongo. Kuna wasomi wanaokunja uso wakisikia jina hilo, hiyo ni shauri yao. Alikuwa na magazeti yake mwenyewe, na hadithi zake zilitoka humo kipande kwa kipande. Mtu ameshika kitasa, mlango unafunguka taratibu, halafu: itaendelea. Msomaji alinunua gazeti wiki baada ya wiki, na hadithi hiyohiyo ikitoka kama kitabu anakinunua pia. Hakuwa akitangaza kitabu. Alikuwa akikisomesha.

Mimi sina gazeti, nina simu yenye kioo kilichopasuka na makundi ya WhatsApp. Nimezikata sura tano za kwanza vipande vya maneno kama 400, natuma Jumatano na Jumamosi jioni. Kazi yote iko kwenye kujua pa kukatia. Kipande cha kwanza nilitaka kukimalizia pale inspekta anapomaliza kupekua mizigo. Mwisho safi, lakini msomaji angefunga simu akalale. Nikasogea mbele mistari michache, hadi karani wa tiketi anaponyanyua kichwa na kusema: "Huyo unayemuulizia nimemkatia tiketi ya Moshi jana jioni." Msomaji anajua kwamba huyo mtu tumeshamzika ukurasa wa nne. Nikakata hapo.

Usiku huo ujumbe uliingia mfululizo. "Kaka, usitufanyie hivyo." "Yuko hai au mzimu?" Tangazo langu la awali, lile la "kitabu kipo, bei 12,000, karibuni nyote", lilikuwa limeniletea vidole gumba na hongera. Hongera mchapaji haipokei.

Raha zaidi ilikuwa simu ya mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyetumiwa kipande na mjukuu wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyo karani wako, si yule aliyekuwa Mombo?"

"Hapana mzee, nimemtunga tu."

"Umemtunga! Yule namjua mpaka anakoishi. Haya, niletee vitatu, na wenzangu wamwone."

Akalipia kwa simu, vitabu vikapanda basi asubuhi yake vikiwa vimeandikwa jina na namba kwa kalamu ya wino mzito.

Sabasaba

Nilibanana na rafiki kwenye meza yake. Swali lililoulizwa kuliko yote: "Hiki ni cha dini au cha shule?" Ukisema hadithi, kinarudishwa mezani taratibu. Walionunua ni wale niliowafungulia ukurasa wa karani wakausoma palepale wamesimama.

Mwezi wa nane

Rafiki ameshauri binamu zangu waandike sifa za kitabu kama wasomaji wasionijua. Nimekataa. Walt Whitman, mshairi wa Marekani, aliichapisha diwani yake mwenyewe mwaka 1855, kisha akaiandikia tahakiki za kuisifu bila kutaja jina lake. Emerson, mwandishi mwenye jina kubwa wakati huo, alipomwandikia barua ya faragha ya kumpongeza, Whitman alichukua maneno ya barua hiyo akayapiga chapa ya dhahabu kwenye mgongo wa toleo la 1856, bila ruhusa. Mshairi mkubwa, sawa, lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na wasomaji wanalijua hilo.

Nami nina barua yangu ya Emerson: mwalimu mmoja mstaafu wa fasihi alinitumia ujumbe mzuri mno. Kidole kiliwasha nipige picha ya skrini niirushe. Nikamwomba kwanza. Amekubali kwa masharti mawili: nitoe neno "bora", na niongeze kwamba sura ya tisa imekwenda mbiombio. Nimeweka yote mawili. Sasa watu wanauliza sura ya tisa ina nini, na wawili wamenunua ili waje kumbishia mwalimu.

Kwa hiyo mpaka wangu nimeuweka hapo. Hadithi nitaionjesha mwenyewe popote palipo na masikio, kuisifu nawaachia wengine. Sura ya tano inaisha Jumamosi, na kuanzia ya sita mambo yote yamo kitabuni. Kikundi kimoja kimeshatishia kususa. Maboksi yamebaki mawili, na wiki ijayo naenda kuuliza bei ya kuchapa tena. Karatasi nasikia imepanda.