Ikiharibika, Nani Atakuja?

Jumapili, usiku

Wikendi hii nilikuwa nyumbani Makueni, mashariki mwa Kenya, na nikawasimulia akina mama wa kikundi chetu cha maji habari za Mkenya Beth Koigi na wenzake wa kampuni ya Majik Water, wanaovuna maji kutoka hewani. Nilitarajia mshangao. Waliguna kidogo, wakasikiliza hadi mwisho, kisha mweka hazina wetu, mama mtu mzima ninayemwita shangazi ingawa hatuna undugu wa damu, akalifunika daftari lake na kuuliza: "Na hiyo mashine ikiharibika, nani atakuja?"

Swali hilo halikutoka hewani. Kisima chetu kilichimbwa na mradi uliokuja na magari, mabango na hotuba. Pampu ilipokufa, namba ya simu iliyoandikwa kwenye tangi haikupokelewa tena. Akina mama wakarudi mtoni, yaani kwenye mchanga, maana mto wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Unachimba kwa kibuyu na kwa mikono hadi maji yajitokeze, unayateka kikombe baada ya kikombe, na punda anasubiri kando na mitungi yake minne. Waliokuwa wakichimba ni wanawake na wasichana. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023 inasema kwamba katika nyumba 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, mzigo wa kuteka ni wa mwanamke au msichana. Kwetu, ukisimama ukingoni mwa mto asubuhi, huhitaji ripoti.

Ndiyo maana habari za Koigi zinanigusa kuliko habari ya mashine yake. Alianza na jambo dogo kabisa. Alipokuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Chuka alikuta maji ya pale ni machafu, akajitengenezea kichujio. Wenzake wakavitaka vichujio hivyo, akaanza kuwauzia, na kazi ikakua. Kisha ukaja ukame wa 2016, na mabomba ya Nairobi yakakauka. Nakumbuka kipindi hicho vizuri. Bwawa la Ndakaini, linalolisha sehemu kubwa ya jiji, lilikuwa limeshuka vibaya. Mgao wa maji ukaanza Januari 2017, na Februari serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mtu aliyekuwa akiuza vichujio akajikuta hana maji ya kuchuja. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza kwa nini tunategemea mito na mvua peke yake.

Mwaka huo huo wa 2017 alikwenda California kwenye programu ya Singularity University, taasisi ya mafunzo ya teknolojia, akakutana na Anastasia Kaschenko, mtaalamu wa mazingira kutoka Marekani, na Clare Sewell, mwanauchumi kutoka Uingereza. Watatu hao ndio walioanzisha kampuni. Napenda mpangilio wao: mmoja aliyeishi na kiu yenyewe, mmoja anayeielewa hewa, mmoja anayejua kupiga hesabu ya bei. Ukikosa mmoja kati ya hao, naamini kazi inalegea.

Shangazi alitaka kujua maji yanatokaje mahali pasipo na wingu. Nilimweleza hivi. Wale waliowahi kununua viatu vipya wameona kile kipakiti cheupe ndani ya sanduku, chenye punje zinazokataza unyevu kuharibu ngozi. Punje hizo hufyonza unyevu wa hewa. Wazo la mwanzo la akina Koigi lilikuwa kutumia kitu cha namna hiyo kwa wingi: hewa inapita, punje zinashiba, halafu joto la jua linazilazimisha kuachia zilichobeba, mvuke unapoa na kuwa maji. Njia nyingine ni kuipoza hewa yenyewe mpaka itoe jasho, kama glasi ya maji baridi mezani. Unyevu upo hata pale ambapo mvua imegoma. Kwa jumla hewa ya dunia hubeba maji mengi kuliko mito yote.

Lakini hesabu lazima ielezwe kwa ukweli, na hapa niliwaomba watulie. Hewa ya nyuzi 25 yenye nusu ya unyevu inaoweza kuubeba huwa na takribani gramu 11 na nusu za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hivyo ni vijiko viwili vya chai na kidogo. Kujaza mtungi mmoja wa lita 20 kunahitaji hewa ya zaidi ya mita za ujazo 1,700, sawa na ya madarasa kama 12 ya shule yetu ya msingi, na hapo tumekubali kwamba mashine inanyonya kila tone, jambo ambalo haliwezekani. Tena lazima nguvu itoke mahali, iwe sola au umeme. Kwa hiyo haya ni maji ya kunywa. Hayatafua blanketi, hayatamwagilia sukuma wiki, na ng'ombe mmoja siku ya joto angeyamaliza yote kwa mkupuo. Nilisema hivyo waziwazi kwa sababu tumeshachoka kuahidiwa.

Pamoja na hayo yote, naona mahali pake. Sehemu nyingi za nyanda kame, ambazo ni kama asilimia 80 ya ardhi ya Kenya, shida si kina cha kisima tu. Unachimba, unalipa, maji yanapatikana, halafu ni ya chumvi. Kwingine, hasa ukanda wa Bonde la Ufa, yana madini ya floraidi kwa wingi, na ndiyo unaona vijana wenye meno ya rangi ya kahawia ambao hawajawahi kugusa sigara. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Chumvi pia haiondoki. Mahali kama hapo, lita chache safi kwa ajili ya kunywa ni jambo kubwa, hata kama maji ya kufulia yataendelea kutoka kisimani.

Tulifika kwenye bei, na hapo ndipo mazungumzo yalipokolea. Mama mmoja alisema maji ni ya Mungu, hayauzwi. Katiba ya 2010, ibara ya 43, nayo inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Nakubaliana na vyote viwili. Lakini maji tayari yanauzwa, na anayelipa ghali zaidi ni maskini. Mkazi wa mtaa usio na mabomba Nairobi hununua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, na ukigawa bei hiyo kwa lita utakuta anampita mbali yule mwenye mfereji jikoni. Kinachonisumbua mimi ni nani anayeuza, pesa zinakwenda wapi, na nani ana haki ya kuuliza.

Kwetu pesa zinakwenda kwenye daftari la Shangazi. Ni daftari la shule la miraba, jalada limeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia. Upande wa kushoto mitungi ya siku, upande wa kulia pesa taslimu na za M-Pesa zikiwa mbalimbali. Nyuma kabisa kuna ukurasa wa wadeni, na wajane wawili wazee wana alama ya nyota: hao hawadaiwi, kikao kilikubaliana. Ijumaa hujumlisha kwa sauti mbele ya yeyote aliyepo. Kwa pesa hizo kikundi kilinunua pampu ya sola kuchukua nafasi ya ile iliyokufa, na fundi wa mjini Wote hupokea simu yao mara moja kwa sababu anajua atalipwa.

Nadhani hilo ndilo jibu, na nilimwambia Shangazi nikimtazama usoni. Mradi wa msaada huisha fedha zinapoisha. Biashara inayoendeshwa na watu wanaoihitaji huwa na sababu ya kurudi, maana maji yasipotoka hakuna anayekula. Koigi na wenzake walichagua kuwa kampuni, na najua wapo wanaoona ubaya hapo, kwamba mtu anafaidika na kiu ya wengine. Mimi naona heshima. Mteja anaweza kudai. Anayepewa msaada huambiwa ashukuru.

Shangazi alitikisa kichwa kukubali, ila hakumaliza. Anataka kujua kipuri cha mashine kinapatikana Nairobi au ng'ambo, na kama msichana wa hapa kijijini anaweza kufundishwa kuitengeneza. Amenipa kazi ya kuwaandikia barua kampuni hiyo. Kabla ya hapo tutapeleka maji ya kisima chetu maabara wapime chumvi na floraidi, ili tujue kama tunahitaji mashine hiyo au tunaipenda tu.

Kikao kijacho kitaamua, kama tutafika huko, ianzie wapi. Mimi nasema zahanati, kwa sababu mama anayekwenda kujifungua hubebewa maji na ndugu zake kutoka nyumbani, usiku, katika hali ile. Shangazi anasema shule, kwa kuwa watoto ni wengi na wanashinda pale mchana kutwa. Kila mmoja ana wafuasi wake. Tutapiga kura.